Siku Bi Time Alipokwenda Kumtunza Ryan

Bi Time Sultan hakuuchagua mtaa wa Vauxhall. Kaunsili ndiyo iliyomchagulia, mwaka ule alipofika London akitokea Pemba na begi moja na mimba ya miezi saba. Akapewa ufunguo, akaonyeshwa lifti, akaambiwa flati ni yako, tafadhali usiwasumbue jirani kwa kelele. Hakuna aliyemwambia kwamba chini ya matao ya reli, karibu na mlango wake, kuna madisko yanayofunga asubuhi watu wanapokwenda kununua maziwa, wala kwamba nusu ya jirani hao wasiotakiwa kusumbuliwa ni wanaume wanaoishi na wanaume wenzao na wanawake wanaoishi na wanawake wenzao. Aligundua mwenyewe wiki ya kwanza, kama mtu anavyogundua kwamba jirani anafuga paka. Akawatazama, wakamtazama. Wawili wao wakampandishia godoro kwa ngazi siku lifti ilipogoma. Maneno yakaishia hapo.

"Mie naamka saa kumi na moja alfajiri," humjibu kila anayemuuliza anakaaje mtaa ule. "Nani ana nafasi ya kuchungulia kitanda cha mtu?"

Huamkia jikoni, katika shule ya msingi iliyo upande wa pili wa bustani, anakowapakulia watoto viazi na njegere. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kubeba masufuria, na sauti yake akiitoa yote, ukumbi mzima wa watoto hunyamaza na walimu nao huweka vikombe chini. Mimba ile ya miezi saba sasa ni mwanamke mzima, Miska, muuguzi Birmingham, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakuelewa neno kwa neno na anakujibu kwa Kiingereza. Mume alishatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo Time anaishi peke yake, na hajapata kusema kwamba anaishi vibaya. Nyuma ya nyumba Wareno wana mikahawa yao, na kiangazi kikifika huchoma samaki wa sadini barabarani mpaka nguo zako za kwenye kamba zinukie. Mbele kuna stesheni. Na kila mwaka, Julai inapoingia, bendera za rangi saba hupandishwa mtaa mzima, na Praidi, sikukuu ya jirani hao, inafika.

Time haikosi Praidi. Maandamano makubwa ya mjini huwaachia wenye miguu. Yeye anaupenda mkusanyiko wa mtaani kwake, pale kwenye kona, barabara inapofungwa na jukwaa kuwekwa mbele ya baa ya Leonard. Kwao, bibi harusi akiingia ukumbini, nguo yake huzungumzwa mwezi mzima. Hapa harusi hiyo huja kila mwaka bila kadi ya mwaliko, na mabibi harusi ni mia kwa mpigo. Time hukaa na kiti chake barazani, chai mkononi, akatoa hukumu. Yule gauni limembana kwapani. Yule kapendeza, Mungu amzidishie. Yule angeuliza mtu kabla ya kutoka.

Sasa, huyo Ryan ndiye wa flati ya juu. Kabla yake pale juu alikaa mtu mwenye mbwa wawili na ngoma, na haikujulikana kati yao watatu nani alikuwa akiipiga. Ryan alipohamia, Time aliswali rakaa mbili za shukurani. Kijana mrefu, mwembamba, anauza miwani dukani mchana. Ndiye aliyemnyooshea Time fremu zake alipozikalia. Ndiye aliyembishia hodi mara tatu kwa siku alipougua mafua ya kumlaza, akamletea supu isiyo na chumvi wala maana, lakini ya moto. Jirani wa namna hiyo London huwa anasimuliwa tu.

Jioni Ryan huvaa gauni, wigi na kope za bandia, akapanda majukwaani kuimba. Kuna wengi wenye kazi hiyo mtaani, na kila mmoja ana jina lake la jukwaani. Ryan anajiita Malkia wa Croydon, kwa kuwa kwao ni Croydon.

Time aliposikia jina hilo mara ya kwanza, aliguna. Croydon kwake ni lile jengo refu la uhamiaji, alikokaa kutwa na mtoto mgongoni akingoja namba yake iitwe.

"Sisi tulikwenda Croydon tukilia," alimwambia. "Wewe unajiita Croydon kwa hiari yako?"

"Watu wanacheka wakisikia, Anti."

"Wacheke. Mie bado tumbo linaniuma."

Jumatano ya wiki ya Praidi, Ryan alibisha hodi saa mbili usiku. Hakuingia. Alisimama mlangoni akiuliza kama jikoni shuleni kuna maboksi matupu.

"Maboksi ya nini?"

"Ya vitu vyangu. Huenda Jumapili nikarudi kwa mama."

Time akamvuta kwa mkono wa shati, akamkalisha kwenye kochi, akamwekea chai ya tangawizi, na habari ikatoka. Ryan alihamia Vauxhall kwa sababu moja, kuimba. Kodi anayolipa ingemtosha kukaa kifalme Croydon. Mwaka jana Leonard, mwenye baa, alimpa nafasi kwenye jukwaa la Praidi. Ryan akakimbia, akaruka, kiatu kikamtoka kikampiga mtu, na alipofika nusu ya wimbo watu wakampa mgongo wakaenda kununua bia. Leonard akakata sauti. Jumamosi hii amempa nafasi nyingine, na ni ya mwisho. Kasema watu wakigeuka tena, asimwone tena pale na wigi.

"Ikiwa kama mwaka jana," Ryan akasema, "Jumapili narudisha ufunguo. Mama ameshaanza kupaka rangi chumba."

Time aliweka birika chini. Aliona mbwa wawili na ngoma wakirudi juu ya kichwa chake. Aliona pia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, mlango wake ambao hakuna mtu atakayeubisha tena siku yeye akiugua.

"Simama," akasema. "Niimbie huo wimbo."

Ryan akasimama, akaimba. Wimbo aliutunga mwenyewe, wa mtu aliyesimama stesheni na vikombe viwili vya kahawa akimngoja mwenzake, na mwenzake hakuja. Maneno mazuri. Lakini kijana alilizunguka kochi mara mbili, akapanda juu ya stuli, akapiga magoti, akainuka, na sahani za kabatini zikaanza kuimba naye.

"Kaa chini," Time akasema. "Umeniimbia au ulikuwa unafukuza mwizi?"

"Ni kuwachangamsha watu."

"Nani kakwambia kazi ya kuchangamka ni yako?"

Time ana sababu ya kusema hivyo. Shangazi yake alikuwa mwimbaji wa taarabu, na Time alikulia miguuni pake, akimshikia pochi na leso. Akamsimulia Ryan. Mwimbaji wa kweli hapapatiki. Husimama kama nguzo. Leso mkononi, kidevu juu, na macho humchagua mtu mmoja kati ya watu mia, akamwimbia yeye peke yake kana kwamba ndiye aliyemkosea. Kucheza ni kazi ya wasikilizaji. Ukiwachezea, unawanyima kazi yao, na mtu asiye na kazi huenda kununua bia.

Siku tatu hizo, kila jioni, sebule ya Time iligeuka chuo. Alimfunga Ryan kanga magotini asiweze kupiga hatua. Akampa leso. Akamweka mbele ya jokofu, akamwambia jokofu ndilo lililokuacha stesheni, liimbie mpaka lione haya. Ijumaa usiku Ryan aliimba wimbo wote bila kusogeza unyayo, na Time, aliyekuwa akipiga pasi, akajikuta ameunguza mkono wa gauni lake la dira.

"Hapo sasa," akasema.

Jambo moja tu hakumwambia, nalo si kwa kusahau. Halikumpitia akilini kuwa ni jambo la kuambiwa. Mwimbaji akiimba vizuri watu huinuka, wakaenda mbele wakicheza, wakamtunza kwa noti. Hilo kulieleza kwake ni sawa na kumweleza mtu kwamba akila atashiba.

Jumamosi jua lilitoka mapema. Saa saba mchana mtaa ulikuwa umeshajaa, na ndani ya ujazo huo akatokea Ibtisam, amevaa buibui jeusi, amekumbatia debe la plastiki lenye visheti vya sukari alivyokaanga, macho yamemtoka. Ibtisam ni mwenzake wa tangu ujana, anauza madira sokoni Walthamstow. Alikuwa ameahidi kuja wikiendi, akaona ya nini kuuliza wikiendi gani. Treni ni moja, anapanda kwake mwanzo wa laini, anashuka Vauxhall.

"We Time. Mtaa wenu una harusi ya nani?"

"Ya wote. Karibu."

"Yule mwanamume kavaa nini?"

"Mbawa."

"Naona kwamba ni mbawa. Nauliza za nini."

"Nenda kamuulize."

"Simuulizi."

"Basi nyamaza uziangalie. Mtu kakaa wiki nzima anagundisha manyoya yale."

Ibtisam akaangalia. Mbawa zilikuwa za bluu, zenye vito vidogo vidogo, na mfanyabiashara aliye ndani yake akashindwa kujizuia. "Kitambaa cha chini ni hariri ya uongo," akasema. "Lakini mshono, mashaallah." Kisha akakumbuka alipo, akavuta mtandio. "Nitakuwa mgeni wa nani, Time, akiniona mtu wa kwetu wa Tottenham hapa?"

"Mtu wa Tottenham akikuona hapa, na yeye yupo hapa."

Hilo likamtuliza Ibtisam. Akashika mkono wa mwenzake, wakapenya mpaka karibu na jukwaa, debe la visheti mbele kama ngao.

Leonard alikuwa amesimama ubavuni mwa jukwaa, karibu na mashine ya sauti. Mzee wa miaka sitini, sharubu zimepakwa rangi, koti la pinki, uso wa hakimu aliyenyimwa kifungua kinywa. Mkono wake hauendi mbali na kitufe cha kukatia sauti. Waliotangulia walikuwa wanane, na wawili kati yao alishawakata katikati ya neno.

Akaitwa Malkia wa Croydon. Watu wakacheka jina, kama Ryan alivyosema. Akatoka akiwa amevaa gauni la zambarau refu, leso nyeupe mkononi, akaja mpaka mbele ya maikrofoni, akasimama. Akabaki amesimama. Muziki ukaanza, akaimba, na hakusogea hata kidole cha mguu.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Time akageuka kuwatazama watu.

Hawakuondoka, ni kweli. Lakini walisimama na bia zao mikononi, kimya, macho mbele, kama watu wanaongoja basi ambalo wameambiwa linakuja. Hakuna aliyetikisa bega. Hakuna aliyeinua mkono. Ubeti wa pili ukaingia, na bado hakuna mtu aliyetoka kwenda kutunza, na Time akahisi aibu inampanda kutoka miguuni. Kwao mwimbaji akifika ubeti wa pili bila kutunzwa hata na jamaa yake, ameshazikwa, bado kurushiwa mchanga. Na pale ubavuni Leonard alikuwa ametazama saa yake, halafu kitufe.

"Nishikie pochi," Time akamwambia Ibtisam.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtunza."

"Hapa? Time, rudi. Time."

Alishatoka. Alichomoa noti ya pauni tano, akaishika juu kwa vidole viwili, akaingia katikati ya watu kwa mwendo ule ule wa shangazi zake: pole pole, bega la kulia, bega la kushoto, nyonga ikifuata nyuma kama mtumbwi usio na haraka. Watu wakampisha. Kwenye ngazi ya jukwaa sikioriti, mlinzi wa pale, akamwinamia kwa adabu.

"Vyoo viko upande ule, mama."

"Nakwenda chooni na pesa mkononi nikicheza?" Time akamuuliza, na sikioriti, alipokuwa angali akitafuta jibu, akakuta dira limeshampita.

Ryan alimwona anakuja. Aliendelea kuimba, maana alifundishwa asishtuke hata paa likianguka. Time akafika, akajinyoosha kwa ncha za vidole, akaibandika noti kwenye paji la uso wake, kama inavyotakiwa.

Noti ikateleza ikaanguka.

Hapo ndipo Time alipokumbuka kwamba pesa za Uingereza siku hizi ni plastiki. Noti ya karatasi na jasho la mwimbaji ni ndugu, wakikutana wanashikana. Hii ilidondoka kama jani. Akaiokota, akaibandika tena, akaikandamiza kwa kidole gumba. Ikateleza kwenye poda, ikashuka puani. Mara ya tatu akakandamiza kwa nguvu za mtu aliyekanda unga miaka mingi, na alipoondoa mkono, noti ilikuwa sakafuni, na kwenye kidole gumba chake, imeng'ang'ania kama jongoo, ilikuwepo kope ya bandia ya Malkia wa Croydon.

Ryan akanyamaza. Muziki ukaendelea peke yake. Leonard akanyoosha kidole kuelekea kitufe.

Ryan akamwinamia Time, jicho moja la malkia na jingine la muuza miwani, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa palepale, kila mtu akasikia.

"Anti. Kuna moto nyumbani?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumbo, na ndani yake hamkuwa na ubaya. Time anaujua ubaya wa kicheko, amekaa jikoni na watoto. Akaona kuna mwanya. Akaivuta maikrofoni ikashuka usawa wake.

"Hakuna moto," akasema kwa Kiingereza chake cha jikoni, na kwa ile sauti ya kunyamazisha ukumbi. "Huyu ameimba vizuri. Kwetu mtu akiimba vizuri, unainuka, unakwenda mbele, unampa kitu, ajue umesikia. Nyinyi mmesimama kama mnangoja basi. Mnamtukana, na mama yake yuko Croydon anapaka rangi. Mimi nimempa changu, kimeanguka, si kosa lake, ni kosa la Benki. Sasa zamu yenu." Kisha akamgeukia Ryan. "Na wewe nani kakwambia unyamaze? Rudi mwanzo wa ubeti. Simama wima."

Ryan akasimama wima. Akaanza tena ubeti wa pili, na safari hii macho yake hayakuhitaji jokofu. Sauti ilitoka na ufa mdogo ndani yake, mahali hasa ambapo wimbo wenyewe ulikuwa unautaka.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu mzee mmoja, suti safi, ua la waridi kifuani, akapanda ngazi. Akajipapasa mifuko. Akatoa kadi ya benki, akamwonyesha Time.

"Mnachukua kadi?"

"Huyu ni mtu," Time akasema, "si duka."

Mzee akafikiri. Akalichomoa ua lake, akalichomeka kwenye mkanda wa gauni la Ryan, akabaki amesimama sekunde moja na mkono kifuani, akashuka. Na alipokuwa akishuka, nyuma yake alishasimama mwanamke mwenye nywele za kijani. Nyuma ya huyo wakasimama wanaume wawili walioshikana mikono. Nyuma yao mtu wa mbawa.

Sasa hapa lazima nimtetee Mwingereza. Hawezi kucheza akienda kutunza. Viungo vyake havikufundishwa. Lakini akiona mtu amesimama mbele ya kitu, atasimama nyuma yake, na wa tatu atauliza, samahani, hii ndiyo foleni? Haikupita dakika foleni ikanyooka kutoka jukwaani mpaka kwenye mkahawa wa Wareno, watu wanapishana kwa samahani, hakuna anayeruka zamu, na wa nyuma kabisa hawajui ni foleni ya nini ila wana imani nayo. Hakuna aliyekuwa na pesa taslimu; London pesa taslimu wamebaki nazo bibi na wauza bangi. Wakatoa walichonacho. Beji. Kipepeo cha kujipepea. Manyoya matatu ya bluu. Tikiti ya bia. Mmoja alivua bangili. Ryan anaimba, amesimama kama nguzo, na wanampamba kama mti wa sikukuu.

Ibtisam alikuwa amejibana pembeni na pochi mbili na debe. Msichana mmoja akamgusa bega kwa upole, akamuuliza kama yumo kwenye foleni. London mtu akiulizwa yumo kwenye foleni hasemi hapana, maana huenda akajuta. Ibtisam akasema yumo. Zamu yake ikafika akiwa bado anajiuliza imekuwaje. Akafungua debe, akachagua kisheti kilichokaangwa sawasawa, akamtia Ryan kiganjani, na bila kukusudia kabisa, kwa mazoea ya harusi za miaka thelathini, akapiga kigelegele.

Uwanja ukapasuka. Hawajapata kusikia kitu kama kile. Wakajaribu kumwiga, wakashindwa, wakajaribu tena.

Ukabaki ubeti wa tatu, na huo ndio Time alikuwa akiungoja tangu Jumatano, maana ulikuwa na maneno ya kumrushia mtu kijembe: wewe ulisema sitafika mbali, haya nitazame nilipofika. Anayejua taarabu anajua, ubeti kama huo hauachwi uende bure. Una mwenyewe. Time akashuka jukwaani akicheza, akaenda moja kwa moja kwa Leonard, akasimama mbele ya koti lake la pinki, na kila Ryan alipotamka neno, Time alimnyooshea Leonard kidole, akakizungusha, akampimia kutoka sharubu mpaka viatu, akambenulia mdomo. Pemba nzima mwanamke angefanyiwa hivyo asingetoka nje wiki mbili.

Leonard akamtazama. Uso wa hakimu ukalegea. Hakuna aliyepata kumchezea Leonard mbele ya watu. Siku zote yeye ndiye anayewasimamia wengine wacheze. Akaondoa mkono kwenye kitufe, akashika ncha za koti lake, akaanza kucheza naye. Alicheza vibaya mno, magoti yamekakamaa, lakini alicheza kwa moyo, mpaka wimbo ukaisha, na uwanja ukapiga kelele hata Time akaziba masikio.

Nyuma ya jukwaa Leonard akaja anahema, akamshika Time mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kunichagua mimi," akamwambia. "Kati ya watu wote wale."

Time akafungua mdomo. Ibtisam, aliyekuwa kando yake, akamwambia kwa Kiswahili, bila kugeuza shingo: "Muache. Umemrushia kijembe, kakivaa kifuani."

"Sasa nisikilizeni," Leonard akasema. "Kila Alhamisi, ndani ya baa, kuanzia wiki ijayo. Malkia na wewe."

"Mie siimbi," Time akasema.

"Wewe sitakuimbisha. Nataka uwe wa kwanza kupanda. Wale wengine watajipanga wenyewe."

"Alhamisi nitakuja mpaka saa tatu usiku. Ijumaa tuna samaki shuleni. Na nataka soda isiyotiwa kitu."

"Utapata."

Ryan alikuwa amekaa juu ya sanduku la spika. Jicho lake moja lilikuwa na kope na jingine halina, ua mkandani mwa gauni, bangili tatu mkono mmoja, mapaja yamejaa beji na manyoya, na kisheti alichokwisha kukiuma. Akakimalizia kisheti. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake, akamwambia kesho asimngoje. Mama yake alisema maneno mengi, maana Ryan alikuwa anasikiliza tu na kutikisa kichwa. Mwishowe akampa Time simu.

"Anataka kuzungumza na wewe."

Time akaziba sikio la pili, jukwaani walishaanza wengine.

"Nimeshapaka rangi chumba," mama akasema, badala ya salamu.

"Rangi gani?"

"Krimu."

"Nzuri. Kilale wewe, uwe unalala kwenye rangi mpya."

Mama akacheka kidogo, halafu akaacha. "Anakula huko?"

"Anakula vibaya, lakini anakula. Nitamwangalia."

"Mwaka jana walimgeuzia mgongo," mama akasema. "Alinipigia simu analia. Mwaka huu je? Niambie kweli wewe, yeye atanificha. Wamempigia makofi?"

Time alitazama uwanjani. Wimbo ulikwisha zamani, mwimbaji mwingine alikuwa juu, na bado pale kwenye mkahawa wa Wareno watu kama kumi walikuwa wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake, vitu vyao mikononi, wakimngoja Malkia wa Croydon atokee.

"Wamempangia foleni," akasema.

Upande wa pili akasikia mama wa watu anapenga kamasi.